KUKOROMA SI KUFAIDI USINGIZI

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu tunayaona kwa macho, tukaanua nguo kambani, tukaingiza kuni ndani na kuwaita watoto nyumbani. Lakini kuna wingu moja ambalo halionekani, husikika tu, tena usiku wa manane. Wingu hilo ni mkoromo. Kila mtaa una mkoromaji wake, na kila mkoromaji ana utani wake. Huyu huitwa trekta, yule huitwa mashine ya kusaga mahindi, na mwingine eti akianza kukoroma mabati ya nyumba hucheza. Tunacheka mpaka mbavu zatuuma, kisha tunageukia upande wa pili na kujifunika blanketi masikioni.

Nia yangu katika makala haya si kuwanyima wenzangu kicheko. Nia yangu ni kueleza kwamba mkoromo mwingine si usingizi mtamu hata kidogo, bali ni vita vya mtu kutafuta hewa. Ugonjwa huo huitwa apnia ya usingizini, yaani kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala. Neno apnia asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kukosa pumzi. Aidha, nitaeleza kwa nini jambo hili latuhusu sisi wanafunzi, hasa sisi wa shule ya kutwa ambao kila jioni twarudi kulala na jamaa zetu.

MKOROMO WATOKA WAPI?

Tuanze na mwili wenyewe. Hewa tunayovuta hupita puani au kinywani, ikateremka kooni na kuingia mapafuni. Pale nyuma ya kinywa njia hii haina mfupa wa kuishikilia pande zote. Imezungukwa na nyama laini: kuna kaakaa laini, kuna kimio, kile kinyama kinachoning'inia ukipanua mdomo mbele ya kioo, kuna shina la ulimi, na kuna zile tezi mbili za kooni ambazo zikivimba twasema mtu ana mafindofindo.

Mchana misuli ya koo huwa imekaza, kwa hivyo njia hubaki wazi. Usingizi ukiingia, misuli mingi hulegea. Ndiyo maana mtu aliyelala fofofo akiwa ameketi, kichwa chake huanguka kifuani. Misuli ya koo nayo hulegea vivyo hivyo, na hasa mtu akilala chali, ulimi huteleza nyuma. Njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa ikilazimishwa kupita mahali pembamba huzitikisa zile nyama laini, nazo zikatoa sauti. Ukitaka kuona jambo hili, pulizia puto hewa, kisha ubane mdomo wake kwa vidole viwili na kuiachia hewa kidogo kidogo. Sauti utakayoisikia ni ndugu ya mkoromo.

Basi tuseme ukweli: si kila anayekoroma ni mgonjwa. Mtu mwenye mafua hukoroma. Mtu aliyechoka kwa kulima kutwa nzima hukoroma. Wako wanaokoroma polepole usiku kucha na asubuhi wanaamka wazima kama kigongo. Shida huanza pale ambapo njia haiwi nyembamba tu, bali yaziba kabisa.

Umewahi kunywa soda kwa mrija wa karatasi uliolowa? Ukivuta taratibu, soda yapanda. Ukivuta kwa nguvu, mrija hujikunja, pande zake zikagusana, na hakuna kitu kinachopita. Hivyo ndivyo linavyofanya koo la mgonjwa wa apnia. Anavuta, koo linajifunga. Kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika kama vya mtu anayevuta hewa, lakini hakuna hewa inayoingia. Mkoromo wanyamaza. Nyumba yote yanyamaza. Anayesikiliza huenda akashukuru Mungu kwamba sasa atapata usingizi, kumbe huo ukimya ndio wenye hatari.

Wakati huo oksijeni katika damu inashuka na hewa chafu inazidi. Ubongo unashtuka, unapiga kamsa, na kumwamsha mwenyewe kwa sekunde chache tu. Misuli inakaza, koo linafunguka kwa kishindo, na mtu anavuta pumzi kubwa kama aliyeibuka kutoka majini. Kisha analala tena, mkoromo unaanza upya, na koo linafunga tena. Asubuhi ukimwuliza atakwambia, "Nililala usingizi wa pono." Hakumbuki lolote.

Madaktari huhesabu pumzi kuwa imekatika iwapo imekaa sekunde 10 au zaidi. Huhesabu pia zile nyakati ambazo hewa imepungua sana ingawa haikukatika kabisa. Kisha hutafuta ni mara ngapi mambo hayo hutokea kwa saa moja. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 kwa saa ni apnia hafifu, 15 hadi 29 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni kali. Nawe mwenzangu unayependa Hesabu, hebu piga: mara 30 kwa saa, kwa usiku wa saa 7, ni mara 210. Mtu anayeguswa begani mara 210 usiku mmoja, je, tutasema amelala?

MIAKA MINGI YA KICHEKO

Huenda ukadhani kuwa ni sisi tu tunaocheka. La hasha! Mwandishi Charles Dickens wa Uingereza, katika riwaya yake The Pickwick Papers iliyotoka kwa sehemu kati ya mwaka wa 1836 na 1837, alimchora kijana mtumishi aitwaye Joe. Joe ni mnene, hula kupita kiasi, na husinzia popote pale huku akikoroma, hata akiwa kazini. Wasomaji walimcheka sana. Mnamo mwaka wa 1956, madaktari wa Marekani walieleza habari za mgonjwa mmoja mnene ambaye alisinzia akiwa anacheza karata, tena akiwa ameshika karata nzuri za kumpa ushindi. Wakamkumbuka yule Joe, na ugonjwa wakaupa jina la riwaya ya Dickens.

Hata hivyo, kilichokuwa kikimfanya mtu wa namna hiyo asinzie kilijulikana vizuri mwaka wa 1965. Watafiti wa Ufaransa na wale wa Ujerumani, kila kundi likifanya kazi yake peke yake, waliwapima wagonjwa usiku wakiwa usingizini na kugundua kwamba pumzi zao hukatika mara kwa mara. Tangu kitabu cha Dickens kuanza kutoka hadi ugunduzi huo ni miaka karibu 130. Kwa muda wote huo dalili ilikuwa ikisikika wazi, na watu wakicheka.

Tiba nayo ilichelewa. Mwanzoni mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa tundu shingoni, chini ya pale panapoziba, ili apumulie hapo. Ndipo daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alipojaribu jambo jingine mwaka wa 1980: alimvisha mgonjwa kifuniko puani na kumpulizia hewa kwa mashine usiku kucha. Hewa hiyo haiingizi dawa yoyote. Kazi yake ni kulitanua koo lisijikunje, kama vile upepo unavyolijaza shati lililoanikwa. Yeye na wenzake walitangaza matokeo yao mwaka wa 1981, na hadi leo mashine ya namna hiyo ndiyo tiba kuu ya apnia ya wastani na ile kali.

Usidhani kuwa ni ugonjwa wa watu wachache. Mwaka wa 2019 jarida moja la madaktari lilichapisha makadirio kwamba watu wenye apnia duniani, wa umri wa kati ya miaka 30 na 69, ni kama milioni 936. Hiyo ni karibu bilioni moja! Wengi wao hawajapimwa wala hawajui.

MADHARA YAKE

Kila pumzi ikatikapo, moyo hushtuliwa, mishipa ya damu hubana, na presha hupanda. Jambo hilo likirudiwa usiku baada ya usiku, miaka nenda miaka rudi, presha hukataa kushuka hata mchana. Ndiyo sababu mtu anayemeza dawa za presha bila kupata nafuu huulizwa na daktari mwangalifu kama anakoroma. Fauka ya hayo, apnia huambatana na magonjwa ya moyo, kiharusi na kisukari.

Mchana nako kuna mambo. Mgonjwa huamka na kichwa kinachouma na mdomo uliokauka. Husahau, hukasirika upesi, na hupiga miayo toka asubuhi. Akiketi kanisani, msikitini, mkutanoni au ndani ya matatu, usingizi humchukua. Watu humwita mvivu, au husema alikesha kwenye pombe.

Na iwapo kazi yake ni kuendesha chombo, madhara hayampati yeye pekee. Tarehe 1 Desemba 2013, garimoshi moja la abiria mjini New York, Marekani, lilifika kwenye kona ambapo lilitakiwa kwenda kilomita 48 kwa saa. Lilikuwa likienda kilomita 132. Likaanguka. Watu 4 walikufa na zaidi ya 60 wakaumia. Wachunguzi walisema dereva alikuwa amepitiwa na usingizi, na alipopimwa baadaye alikutwa na apnia kali ambayo hakuijua. Tarehe 29 Septemba 2016, garimoshi jingine liligonga mwisho wa reli katika stesheni ya Hoboken, jimbo la New Jersey, na mtu mmoja akafa. Dereva huyo naye alikutwa na apnia kali ambayo haikuwa imegunduliwa. Watu hao hawakuwa walevi wala wazembe. Walikuwa wagonjwa ambao hakuna aliyejua.

Sisi hapa Kenya twazijua barabara zetu. Sisemi kuwa kila ajali ya usiku ni ya usingizi, maana mwendo wa kasi upo, breki mbovu zipo, na ulevi upo. Lakini dereva anayesinzia kwenye usukani haachi alama ya breki barabarani, naye akifa hawezi kutueleza kama alikuwa akilala vizuri nyumbani.

MAMBO YA NYUMBANI KWETU

Nilianza kuyafuatilia mambo haya kwa sababu ya mjombangu, ndugu mdogo wa mama. Ana umri wa miaka 44 na ni dereva wa lori. Alikuwa akitoa viazi Ol Kalou jioni na kuvifikisha Marikiti, Nairobi, kabla ya mapambazuko. Siku ambazo hasafiri hulala kwetu. Nyumba yetu ni ya mbao, kwa hivyo ukuta hauzuii chochote. Mjomba si mnene wa kutisha. Ni mtu mwenye kifua kipana na shingo nene, mcheshi, na akiketi kutazama taarifa ya habari hafiki kwenye michezo kabla hajasinzia.

Mwezi wa pili mwaka huu mwalimu wetu wa Bayolojia alitufundisha mfumo wa kupumua, na mwishoni akataja ugonjwa huu kwa dakika tano hivi. Jumamosi iliyofuata nilichukua saa ya mkononi na daftari, nikaketi kitandani mwangu na kusikiliza. Kila mkoromo uliponyamaza nilianza kuhesabu sekunde mpaka aliposhtuka na kuvuta pumzi. Katika dakika 10 pumzi ilikatika mara 6, na mara iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa sekunde 31. Jaribu wewe kuziba pua na mdomo kwa sekunde 31 na uone kama ni mchezo. Nilirudia Jumamosi mbili zaidi, na hesabu haikuwa mbali na hiyo.

Jambo gumu halikuwa kuhesabu. Jambo gumu lilikuwa kusema. Mtoto hamwendei mkubwa wake na kumwambia, "Wewe ni mgonjwa." Nilimwonyesha mama daftari. Mama ni fundi cherehani na hapendi maneno mengi. Alisoma, akanyamaza, kisha akangoja hadi Mjomba alipomaliza chai.

"Ndugu yangu," alimwambia, "mtoto ana neno. Msikilize kwanza ndipo ujibu."

Nilimweleza. Mjomba alicheka, kisha akakunja uso. "Wewe ulipelekwa shule usome, au upime wazee usingizi? Baba yetu alikoroma miaka yote, na hakuna aliyempeleka hospitali."

"Baba yetu alilala siku moja akakoroma, asubuhi hakuamka," mama alijibu. "Na baba yetu hakuendesha lori."

Mjomba hakuwa na la kusema tena. Baada ya kitambo aliniambia, "Haya, kijana, hebu nionyeshe hilo daftari lako." Kisha akatueleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba mara mbili, akipanda kuelekea Kinungi, alijikuta upande usio wake wa barabara bila kukumbuka alifikaje huko.

Alienda hospitali. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Nani amekwambia kwamba pumzi hukatika?" Presha yake ilikuwa 168 juu na 104 chini, naye hakuwahi kuipima. Alipewa dawa na barua ya kwenda kupimwa usingizi Nairobi. Huko alifungwa kifaa kidogo chenye mpira wa puani na kibanio cha kidoleni, akalala nacho usiku mmoja. Majibu yalikuwa mara 38 kwa saa.

Sitawadanganya kuwa mambo yamekwisha. Tajiri wa lori amempa kazi ya kusimamia upakiaji mchana, na usukani wa usiku ana mtu mwingine. Pesa za safari za usiku hazipo tena, na ana watoto wawili walio shuleni. Ile mashine ya hewa ni ghali, na jamaa bado wanachanga. Wakati tunangoja, Mjomba ameacha pombe kabisa, na mama amemshonea fulana yenye mfuko mgongoni ambamo tunatia gunzi la mahindi ili asiweze kulala chali. Gunzi si dawa, daktari amesema hivyo, lakini linapunguza makali kidogo. Mjomba mwenyewe husema kwamba sasa amekuwa mtu wa kulala na mahindi kama panya.

MASWALI MANANE

Mwaka wa 2008 madaktari wa Toronto, Kanada, walitangaza orodha fupi ya maswali manane ya kusaidia kumtambua anayestahili kupimwa. Nimeyaandika kwa maneno yetu ili yeyote aweze kuyauliza nyumbani:

1. Je, hukoroma kwa sauti kubwa, inayosikika hata mlango ukiwa umefungwa?
2. Je, huchoka au kusinzia mchana mara kwa mara?
3. Je, kuna mtu aliyeona pumzi yake ikikatika usingizini?
4. Je, ana presha, au anatumia dawa za presha?
5. Je, ni mnene kupita kiasi?
6. Je, ana umri wa zaidi ya miaka 50?
7. Je, shingo yake ina mzingo wa zaidi ya sentimita 40?
8. Je, ni mwanamume?

Akipata "ndiyo" tatu au zaidi, inafaa amwone daktari. Akipata tano au zaidi, hatari ni kubwa. Mama alimpima Mjomba shingo kwa utepe wake wa kushonea, ikawa sentimita 43. Kabla hata ya kupimwa presha alikuwa na tano. Baada ya kupimwa akawa na sita. Lakini kumbuka kuwa maswali haya si hukumu. Ugonjwa hujulikana kwa kipimo cha usiku. Isitoshe, wanawake nao huugua, ingawa mara nyingi wao hulalamikia uchovu, kukosa usingizi au kuumwa na kichwa, na mkoromo wao hautajwi kwa sababu ya haya. Watu wembamba pia huugua, hasa wenye taya dogo.

NA WATOTO JE?

Hapa nawaomba walimu wetu watukufu wanisikilize. Mtoto anayekoroma kila usiku hafai kupuuzwa. Mara nyingi sababu ni tezi za kooni na zile za nyuma ya pua kuwa kubwa mno. Mtoto wa namna hiyo hulala mdomo wazi, huvingirika kitandani, hutokwa na jasho, na mwingine hukojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha. Ajabu ni kwamba mchana huenda asisinzie kama mtu mzima. Badala yake huwa mtundu, hatulii, hasikii la mwalimu.

Mwaka wa 1998 daktari David Gozal wa Marekani alichapisha uchunguzi wa watoto 297 wa darasa la kwanza waliokuwa wakishika mkia darasani. Kati yao 54 walikuwa na dalili za shida ya kupumua usingizini. Watoto 24 miongoni mwa hao 54 walitolewa tezi hizo kwa upasuaji, na mwaka uliofuata alama zao zilipanda. Wale ambao hawakutibiwa walibaki pale pale. Sisemi kuwa kila anayeshika mkia ana tezi kubwa, maana wengine wetu twashika mkia kwa kupenda mpira kuliko vitabu! Lakini kabla mtoto hajaitwa mjinga na kuadhibiwa kwa kusinzia, si vibaya mtu amwulize mzazi wake swali moja: "Je, mtoto hulala vipi usiku?"

LA KUFANYA

Kwanza, sikiliza. Mkoromaji hajisikii. Anaweza kwenda hospitali mara kumi, akaeleza kichwa, akaeleza uchovu, akaeleza presha, na asitaje kabisa kinachotokea usiku, kwa sababu yeye hakuwepo, alikuwa amelala. Shahidi ni wewe uliye macho. Tumia saa na daftari. Ikiwa nyumbani kuna simu ya mkononi, mwombe ruhusa urekodi sauti yake. Daktari akiisikia ataelewa upesi kuliko kwa maneno mia.

Pili, sema kwa adabu. Usimwaibishe mkubwa wako mbele ya wageni. Pitia kwa mama, kwa shangazi, au kwa yeyote anayesikilizwa naye. Mtaje kwa upendo, si kwa dhihaka.

Tatu, usimpe dawa za usingizi wala kumwambia anywe kidogo ili alale vizuri. Pombe na dawa hizo hulegeza koo zaidi, na pumzi hukatika kwa muda mrefu zaidi. Kulala kwa ubavu husaidia. Kupunguza uzito husaidia walio wanene. Kwa wengine daktari wa meno hutengeneza kifaa cha kuvaa kinywani ambacho huvuta taya mbele. Watoto wengi hupona kwa upasuaji wa tezi. Na kwa wale walio wanene, Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, ya sindano, iitwayo tirzepatide, ambayo hupunguza uzito.

Wapenda muziki wa klabu yetu nao wana lao. Mwaka wa 2006 watafiti wa Uswisi walitangaza kwamba wagonjwa waliojifunza kupuliza didgeridoo, tarumbeta ndefu ya mti ya wenyeji asilia wa Australia, kwa miezi minne, walipungukiwa na usingizi wa mchana. Waliojaribiwa walikuwa 25 tu, kwa hivyo msikimbilie kununua matarumbeta. Lakini yaonyesha kuwa koo ni misuli, na misuli hufunzwa.

Nne, iwapo mgonjwa ni dereva, mlinzi au mtu wa mashine, msingoje. Aache kazi za hatari hadi apimwe na kutibiwa. Najua ni rahisi kuandika hivi kuliko kutenda. Kwetu tumeona gharama yake katika sufuria. Hata hivyo, mama husema kwamba sufuria ndogo yenye watu wote mezani ni bora kuliko kubwa yenye kiti kitupu.

Wasomaji wapenzi, sisi wa shule ya kutwa twalaumiwa mara nyingi kuwa hatupati nafasi ya kusoma usiku kama wenzetu wa mabweni. Huenda ni kweli. Lakini tuna nafasi moja ambayo wao hawana: tuko nyumbani wazazi wetu wanapolala. Leo usiku, taa ikizimwa, tega sikio. Ukisikia mkoromo, cheka ukitaka. Ukisikia mkoromo umekatika ghafla, acha kucheka, na uanze kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ukifika kumi, asubuhi una neno la kusema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hata mkuu aweza kuokolewa na la mdogo, iwapo mdogo atathubutu kulisema.